Mastaa Mnaokimbiza Magari Kwenda Moshi, Huyo Mtoto Sio Begi!

Desemba hii kama Desemba zote, Wachagga wanaenda kuhesabiwa. Utani huo ni wa siku nyingi na wenyewe wala hawakasiriki, tena ndo wanaoukoleza. Dar inapumua, Moshi inajaa, kuanzia Machame mpaka Rombo mbuzi hawana amani. Raha tupu. Ila mwaka huu kuna klipu moja inazunguka kwenye simu za watu, imewagawa wadau makundi mawili, na bahati mbaya makundi yote mawili yanagombania kitu ambacho sicho.

Klipu yenyewe iko hivi. Staa mmoja wa Bongo Fleva (mwenye jina kabisa, sio wale wa wimbo mmoja) yuko kwenye usukani, gari kubwa jeusi, ngoma yake mwenyewe inapiga. Pembeni mzazi mwenzie kashika simu anarekodi. Mtoto wao, ambaye hata miaka miwili hajafika, kasimamishwa katikati ya siti za mbele. Dakika moja mbele ananyanyuliwa, kichwa kinatokea dirisha la juu ya gari, upepo unampiga mpaka anafumba macho. Mama mtu anacheka: "Baba nanii, muone mwanao anavyoenjoi!" Siti ya nyuma yupo dada wa kazi, anaonekana sekunde mbili tu, kakumbatia begi la nepi na chupa ya uji. Halafu chini yameandikwa maneno kwa majigambo: Dar mpaka Moshi masaa sita, hatujasimama popote.

Kundi la kwanza likaja juu: mtoto mdogo hivyo anapelekwa kwenye baridi kutafuta nini, si angebaki na dada? Kundi la pili likajibu kwa neno moja linalomaliza kila mjadala hapa mjini: wivu.

Kundi la kwanza limekosea. Mtoto kwenda kwa bibi yake sio kosa, na wala sio ushamba. Kuna bibi kule mgombani anamjua mjukuu wake kwa video za WhatsApp tu, mtandao ukikata uso unaganda, anabaki anaongea na picha. Umri wake unaenda. Anayesema mtoto aachwe Dar mpaka akue aelewe safari, ajiulize bibi naye atasubiri? Mtoto aende. Ubishi uwe kwenye NAMNA anavyopelekwa.

Tuanze na hayo masaa sita wanayojivunia. Dar mpaka Moshi ni kama kilometa 550. Gawa kwa sita, unapata zaidi ya kilometa 90 kwa saa, tena bila kusimama hata kukojoa. Sasa toa foleni ya kutoka mjini mpaka Kibaha, toa malori ya kuelekea Chalinze, toa Mkata, Segera, Korogwe, Mombo, Hedaru, Same, Mwanga, na vijiji vyote vya katikati ambako kibao kinasema 50 na trafiki kajificha na tochi nyuma ya mwembe. Ili wastani uwe 90 maana yake kuna sehemu gari lilitembea 130, 140 na kuendelea. Kwa hiyo hapo staa hajajisifia. Kakiri kosa mwenyewe, kwa maandishi, na emoji ya moto juu.

Na muda wote huo mtoto kasimama!

Wapo walioandika "kapakatwa na mama yake, shida iko wapi". Shida iko hapa. Gari likiwa kwenye mwendo, kila kilichomo ndani kina mwendo uleule, abiria, begi la nepi na mtoto pia. Gari likigonga likasimama ghafla, wao hawasimami. Mtoto wa kilo 12 kwa sekunde hiyo moja anavuta kama mzigo wa kilo mamia. Hakuna mama duniani, hata awe anapiga gym asubuhi na jioni, mwenye mikono ya kushika uzito huo. Na kama mama mwenyewe hajafunga mkanda ndo balaa zaidi, maana anamkandamiza mwanae kwenye dashibodi kwa kilo zake zote. Ndo maana viliundwa viti vya mtoto vya gari, vinavyofungwa siti ya nyuma kwa mkanda. Sio urembo wa Wazungu.

Eti "sheria haisemi". Sheria yetu ya Usalama Barabarani ni ya mwaka 1973, ilipotungwa haikuzungumzia kiti cha mtoto, na wanaharakati wa usalama barabarani wamelipigia kelele hilo miaka nenda rudi. Sawa. Lakini sheria haikumwambia huyo staa aweke rimu za mamilioni pia, na kaweka. Haikumwambia aweke spika zinazotingisha vioo vya majirani, na kaweka. Pesa ipo. Kilichokosekana ni mtu wa kumwambia, maana wote wanaomzunguka wanakula kwake.

Halafu kuna lile la "sisi tulikua tunabebwa kwenye mapaja na hatujafa". Wanaoandika hivyo ni waliopona, si ndio? Waliokufa hawakomenti.

Mama wa kwenye basi tofauti kabisa na hawa. Yeye kakata siti moja kwa sababu ya pili ilimshinda, nauli za Desemba kila mtu anazijua, kapakata mtoto toka stendi ya Magufuli mpaka Himo, ganzi miguuni, mkanda wa siti umezama chini hautoki. Huyo hana pa kuchagua na hakuna wa kumnyooshea kidole. Akiweza kumlipia mtoto siti, alipe. Asipoweza, akae siti za katikati, mkanda ukiwepo ajifunge yeye kwanza chini ya kiuno, na dereva akianza fujo apige kelele bila aibu, abiria wengine watamsapoti. Staa yeye ana gari lenye siti saba!

Kuna jingine kwenye ile klipu watu wamelipita. Mama anaulizwa mtoto alilala saa ngapi, anajibu kwa madaha kwamba walimpa "kadawa ka mafua" kabla ya Chalinze ili asisumbue. JAMANI. Dawa ya mafua inayolegeza sio dawa ya safari. Kwa mtoto wa chini ya miaka miwili haitolewi kiholela bila daktari, inaweza kumshusha pumzi, na wapo watoto inawafanya kinyume, wanachangamka na kulia njia nzima. Klipu kama hiyo ikiangaliwa na wadada laki tatu, kesho asubuhi wangapi wapo duka la dawa wanaulizia? Hapo ndo ustaa unapouma. Mtu wa kawaida akikosea anakosea nyumbani kwake, staa akikosea anafundisha.

Mtoto asumbue, kwa kweli. Ni kazi yake. Miguu yake haijaumbwa kukaa masaa sita, nepi inajaa, joto la Same linamtoa jasho, milima ya Usambara na Upare anayoonyeshwa kulia kwake haimhusu hata kidogo. Anataka kushuka achezee mchanga. Sasa si mshuke? Ondokeni Dar alfajiri, simameni Segera, simameni Mombo mle mshibe, mtoto akimbizane na kuku robo saa. Mkichoka laleni Korogwe au Same, gesti zipo, kesho yake mmalizie mmetulia. Mtafika mmechelewa na bibi atawapokea vilevile. Na wasiopenda usukani, treni ya abiria ya Moshi ilirudi Desemba 2019, kabla ya hapo ilikuwa imelala miaka zaidi ya 20. Ikiwa na safari, mle ndani mtoto anatembea mpaka anachoka mwenyewe.

Na huyo dada wa kazi? Hakuna aliyemuuliza kwao ni wapi. Labda Singida, labda Kigoma, labda naye ana mama anayemsubiri Krismasi na mtoto wake mwenyewe kamwacha huko. Yeye ndo anayebadilisha nepi kwenye mwendo wa 140, yeye ndo anayetapikiwa, halafu kwenye picha ya familia anaambiwa asogee pembeni. Kama lazima aende, alipwe sikukuu yake, na afungwe mkanda kama watu wengine.

Kilichouma zaidi ni klipu ya pili, ya kufika. Bibi katoka jikoni na kitenge kipya, ananukia moshi wa kuni, mtori upo mekoni toka asubuhi. Kanyoosha mikono. Mtoto kapiga yowe, kajificha shingoni kwa dada. Watu wamecheka sana kwenye komenti. Lakini mtoto huyo hamjui bibi, ndo kwanza kashushwa kwenye gari akiwa na dawa kichwani, anahitaji siku mbili tatu za kumzoea taratibu, amfuate akilisha kuku, amkalie mwenyewe bila kulazimishwa. Hakupewa. Picha zikapigwa, mbuzi akaliwa, na usiku uleule staa na familia yake walikuwa hotelini Moshi mjini, kuna shoo tarehe 26.

Mtori wa watu uliliwa na majirani.

Bado kuna safari ya kurudi Dar. Barabara ni ileile, malori ni yaleyale, na siku ya kurudi kila mtu ana haraka kuliko ya kwenda. Viti vya watoto vinauzwa, shoo moja tu inavilipa hata kumi. Wadau wanaisubiri hiyo klipu ya kurudi, na safari hii hawataangalia gari.