ASCII Haitutoshi

Kuna imani imezagaa kwa watengeneza programu wetu: Kiswahili hakina nukta wala vistari juu ya herufi, basi ASCII inatutosha, habari za usimbaji wa herufi tuwaachie Wachina na Waarabu. Ni uvivu tu, na umejaa kwenye maktaba za C zinazojinadi kuwa zinafanya kazi kwenye mashine yoyote.

Fungua msimbo wake. Utakuta sharti hili: c ikiwa kati ya 'A' na 'Z', ni herufi kubwa. Nani kasema? Kiwango cha lugha ya C kinaahidi mfuatano usiokatika kwa tarakimu 0 hadi 9 tu. Alfabeti hakikuiahidi kitu. Kwenye kompyuta kuu za IBM, zinazotumia EBCDIC tangu System/360 ya mwaka 1964, I ni 201 na J ni 209. R ni 217, S ni 226. Ndani ya mapengo hayo zimo alama kama } na \, na sharti letu linazipokea kama herufi. Anayesema mashine hizo zilishakufa akawaulize wanaotunza mifumo ya mabenki makubwa. Waandishi wa curl, programu ya kuhamishia data mtandaoni, hawakudanganyika: saini ya ujumbe wa NTLM, yaani NTLMSSP, ambayo lazima ipite mtandaoni kwa ASCII, wameiandika kwa namba za baiti.

Haya, tuseme hutaigusa IBM maishani. Andika ng’ombe kwenye simu. Mara nyingi ritifaa itapindwa yenyewe. Katika UTF-8 ritifaa hiyo ni baiti 3: 226, 128 na 153. Neno lina alama 7, strlen inakujibu 9. Hilo dogo. Kwenye PC za kawaida char hubeba hasi, kwa hiyo 226 inasomwa -30, ilhali isalpha hupokea 0 hadi 255, au EOF, basi. Baadhi ya maktaba hutafuta jibu kwenye jedwali, na -30 inazipeleka kusoma kumbukumbu iliyo nje ya jedwali hilo. Msimbo huohuo kwenye Linux ya ARM, ambako char kwa kawaida haina hasi, unapita kimya, na mwenyewe anaapa hauna kosa.

Dawa ni kuigeuza char hiyo kuwa unsigned char kabla ya kuita isalpha. Wengi wanaona taabu. Wanaifuta ritifaa kwenye data, ng’ombe anakuwa ngombe, na kazi hiyo wanaiita kusafisha.