Anayetaka kuacha pombe asisubiri mwezi uandame



Mwezi wa Shaabani unapoelekea ukingoni, miji yetu hushuhudia kila mwaka jambo lililozoeleka hata likapewa jina lake: kuvunja jungu. Watu ambao kesho yake watafunga hukesha vilabuni, kana kwamba Ramadhani ni safari ya mtu asiyejua lini atarejea. Ubaya wa jambo hili umeshasemwa sana mimbarini, wala hatukusudii kuurudia. Tahariri hii inamkusudia mtu mwingine aliyekaa katika kilabu hichohicho, ambaye hakuja kusherehekea. Huyu hunywa kila siku, asubuhi hanyanyuki mpaka apate kidogo cha kutuliza mikono, na usiku ule ametia nia ya kweli kwamba mwezi ukiandama ndiyo basi. Nia yake ni njema. Lakini mwili wake umo katika hatari asiyoijua, na wengi wetu tunaomsubiri msikitini hatuijui pia.

Ubongo uliozoea kileo kingi kwa miaka hujizoeza kushindana nacho, ukawa unakwenda kasi ili usilale. Kileo kikikatwa ghafla, ile kasi hubaki peke yake bila wa kuizuia. Baina ya saa 6 na saa 24 tangu funda la mwisho, mikono hutetemeka, jasho hutoka, moyo hudunda, usingizi hupaa. Baadhi yao huanguka na kukakamaa kama wenye kifafa, aghalabu katika siku 2 za mwanzo. Na wachache, baina ya siku ya 2 na ya 4, huweweseka: huona wadudu ukutani, hawamtambui mke wala mtoto, mwili huwaka joto, na asiyetibiwa huweza kufa. Hesabu siku hizo, ndugu msomaji, kuanzia usiku wa kuvunja jungu. Zinaangukia katika swaumu nne za mwanzo, wakati mtu huyu hagusi hata maji mchana kutwa.

Nyumbani husemwa nini? Husemwa amepandwa na jini. Hufungiwa chumbani, huitwa mwalimu amsomee, na jirani huambiwa kuwa ni malaria. Sisi hatukanushi kisomo, nasi wenyewe huitwa kusoma. Lakini anayeona wadudu ukutani siku ya tatu tangu aache gongo ni mgonjwa wa hospitali, na kisomo chake kisomwe garini akiwa njiani kwenda huko.

Wanachuoni wa lugha ya Kiarabu wana neno idmani, nalo ndilo linalotumika hadi leo katika hospitali za nchi za Kiarabu kwa maana ya uraibu. Asili yake ni kudumu na kitu bila kukiachia. Neno halisemi kwamba mtu anakipenda kitu hicho. Wapo walevi wengi wa Mpanda wanaoichukia pombe kuliko tunavyoichukia sisi tusiowahi kuionja, na bado haiwaachii.

Sasa basi, iko tiba, na wengi hawajui kuwa ipo kwa sababu wanapoambiwa tiba ya ulevi hufikiria Mirembe, Dodoma, au nyumba ya kufungiwa miezi mingi kwa malipo wasiyoyaweza. Sehemu kubwa ya wanywaji waliozoea hutibiwa kama wagonjwa wa nje: mtu huenda kituoni, huonwa, hupewa dawa, hurudi kulala kwake. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa mwaka 2010, kwa ajili ya vituo visivyo na bingwa wa magonjwa ya akili, umeuweka ulevi miongoni mwa maradhi ambayo daktari au muuguzi wa kawaida aliyefundishwa anaweza kuyashughulikia.

Kazi yenyewe inakwenda hivi. Mgonjwa huulizwa kiasi anachokunywa, tangu lini, na kama amewahi kuanguka alipojaribu kuacha. Hupimwa shinikizo la damu, na ini huangaliwa. Kisha hupewa dawa ya kuutuliza ubongo, ambayo mara nyingi ni diazepamu, kwa kipimo kinachopunguzwa siku hadi siku mpaka kiishe ndani ya wiki moja hivi, pamoja na vitamini B1, kwani pombe ya muda mrefu huimaliza mwilini na upungufu wake huharibu kumbukumbu. Siku hizo huonwa kila siku au siku baada ya siku, na nyumbani awepo mtu mzima wa kumtazama. Asiingie shimoni kuchimba wala asiendeshe pikipiki. Aliyewahi kuanguka au kuweweseka, mwanamke mjamzito, mwenye ini lililoharibika na asiye na mtu wa kukaa naye, hao watibiwe wakiwa wamelazwa. Na dawa hii isinunuliwe dukani kwa kubahatisha, maana ikichanganywa na pombe huweza kuzima pumzi.

Wiki hiyo ikipita, kazi haijaisha, bali hapo ndipo inapoanza. Mgonjwa hurudi kila wiki, baadaye kila mwezi, kuzungumza na mshauri: ni saa ngapi hamu humjia, akiwa na nani, akiwa na fedha ya wapi. Katika mkoa wetu swali hili la fedha si dogo. Mkulima wa tumbaku hukaa miezi bila senti, kisha hulipwa kwa mkupuo. Mchimbaji mdogo wa dhahabu hali yake ni hiyohiyo. Siku ya malipo ndiyo siku ya mtihani, na mshauri mzuri huipanga siku hiyo pamoja na mgonjwa kabla haijafika. Huko Moshi, katika hospitali ya KCMC, wauguzi walifundishwa mazungumzo mafupi ya namna hii na majeruhi wanaokunywa, katika mpango ulioitwa Punguza Pombe Kwa Afya Yako. Sisi Waislamu neno kupunguza halitutoshi, tunataka kuacha. Lakini ni muuguzi aliyethubutu kumuuliza mlevi habari zake bila kumtukana, na hilo wengi wetu hatujalifanya.

Wapo wanaosema: serikali ifunge vilabu, mambo yataisha. Gongo imepigwa marufuku kwa sheria kwa miaka mingi. Viroba vilipigwa marufuku Machi 2017, na tulifurahi. Marufuku humpunguzia kijana njia ya kuingilia, na kwa hilo tunaiunga mkono, ila haimtoi aliyekwisha kuingia. Asali nyingi inayorinwa katika misitu ya Inyonga, ambayo mfano wake Allah (s.w.) ameutaja katika Surat an-Nahl kuwa ni shifaa kwa watu, nani atawazuia watu wasiichachushe wanzuki nyumbani?

Hapa inafaa tuondoe mchanganyiko mmoja. Watu wakisikia kliniki ya waraibu husema methadoni. Dawa hiyo ni ya waliozoea heroini, yaani unga, na jamii yake. Haitibu pombe wala bangi. Ilianza kutolewa Muhimbili mwaka 2011, ikafuata Mwananyamala na Temeke, na mwaka 2017 ikafika Mbeya. Masharti yake ni kwamba mgonjwa afike na anywe dozi mbele ya mhudumu, kwa kawaida kila siku. Kutoka Mpanda hadi Mbeya, kwa kupitia Sumbawanga na Tunduma, ni zaidi ya kilomita 500. Kwa hiyo kijana aliyekuwa akitibiwa Dar es Salaam asilazimishwe na wazee wake kurudi nyumbani ghafla eti akatulie shamba. Atapata arosto njiani, na wengi wa namna hiyo hurejea kwenye unga.

Wengine huuliza, je, huku si kutibu kileo kwa kileo? Swali ni la haki, kwani Mtume (s.a.w.) alimkataza Tariq bin Suwayd kutengeneza khamr hata kwa nia ya dawa. Lakini katika tiba tunayoieleza hapa hakuna anayepewa pombe. Anapewa dawa kwa kipimo, chini ya mtaalamu, kwa lengo la kuirudisha akili ambayo sheria imeamrisha ihifadhiwe. Nchini Malaysia jambo hili lilifikishwa mbali zaidi: mwaka 2010 Msikiti wa Ar-Rahman, Kuala Lumpur, ulianza kutoa methadoni palepale msikitini, kwa kushirikiana na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Malaya.

Tuangalie pia namna pombe ilivyoharamishwa. Ilitajwa kwanza katika Surat al-Baqara kuwa dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa yake. Kisha katika Surat an-Nisaa waumini wakakatazwa kuikaribia swala wakiwa wamelewa, na kwa kuwa swala ni tano, mnywaji akabakiwa na nafasi finyu sana. Ndipo lilipokuja katazo la mwisho katika Surat al-Maida. Hukumu leo imekamilika, na asije mtu akatumia historia hii kujihalalishia kikombe. Lakini aliyewaumba watu hawa alijua wamezoea nini, na akawapitisha. Vilevile imepokewa katika Sahihi ya Bukhari habari ya mtu aliyeitwa Abdullah, ambaye aliletwa kwa Mtume (s.a.w.) zaidi ya mara moja kwa kosa la kunywa, akaadhibiwa. Mmoja wa waliohudhuria alipomlaani, Mtume (s.a.w.) alimkataza, na akamshuhudia mlevi yule kwamba anampenda Allah na Mtume Wake. Kwetu sisi, mtu akirudia mara ya pili huitwa mnafiki, na anayerudia mara ya tatu hata salamu hapewi. Madaktari wanatuambia kuwa kurudia ni sehemu ya maradhi haya kama homa inavyorudi kwa aliyekatisha dozi, na kwamba anayerejeshwa kliniki mapema hupona vyema kuliko anayefichwa.

Basi ombi letu kwa kamati za misikiti ya Katavi ni la matendo. Mkoa huu uliozaliwa 2012 ni mpana. Mtu wa Karema, ziwani, yuko zaidi ya kilomita 100 kutoka mjini Mpanda, na wa Mishamo naye si jirani. Tiba ya kwenda na kurudi haina maana kwa asiye na nauli. Fungu dogo la sadaka za Ijumaa litengwe kwa nauli za wagonjwa hawa. Kamati zimwendee mganga mkuu wa wilaya, kwa barua na kwa miguu, kuuliza ni kituo gani kilicho karibu chenye mhudumu aliyefundishwa, na kama hakipo, kuomba afundishwe mmoja na itengwe siku moja ya wiki. Kila msikiti uchague watu wawili wasio na midomo, wa kumsindikiza mgonjwa. Na mwanamke anayepika gongo ili alipe karo asifukuzwe mtaani kabla hajaoneshwa biashara nyingine.

Haya yaanze Rajabu. Mwenye nia ya kuacha akianza tiba mwezi huo, wiki ya hatari itakuwa imepita zamani, na Shaabani nzima ataitumia kujizoeza na ushauri kabla ya Ramadhani kuingia. Akichelewa, na Ramadhani ikamkuta katikati ya dawa, huyo ni mgonjwa, na mgonjwa ana ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine kwa nassi ya Qur'ani. Asishurutishwe kufunga ili watu wasiseme.

Siku ya kwanza kituoni aende na mtu anayelala naye nyumba moja. Achukue dawa zote anazotumia, pamoja na za miti shamba. Asiikatishe pombe mwenyewe kwa ghafla siku moja kabla ili aonekane mwema mbele ya daktari, na akiulizwa hunywa kiasi gani, aseme chupa ngapi na za nini, bila kupunguza hata moja kwa haya.