Saa ya Mtoto Nayo Itembee

Leo nataka tuzungumze juu ya kitu kidogo sana: saa ya mchezo ya mtoto. Pita soko la Machakos, ama lile la Kongowea huku kwetu Mombasa, utaziona zimetundikwa pamoja na miwani ya plastiki na vipira vya rangi. Zina mikanda, zina tarakimu kumi na mbili, na zina akrabu mbili, yaani ile mishale, lakini akrabu zenyewe zimechapwa kwa wino. Zilipotoka kiwandani zilikuwa saa nne na dakika kumi, na saa nne na dakika kumi zitabaki mpaka mkanda ukatike.

Mtu ataniuliza: mtoto ana haja gani na saa ya kweli? Sisi wa pwani utotoni tulisuka saa za ukuti, tukazivaa, tukaringa nazo, wala hatukudhurika. Kweli kabisa. Lakini saa ya ukuti tuliisuka wenyewe. Aliyeisuka alijifunza kupinda, kufunga na kupima kifundo cha mkono wake. Hii ya plastiki haimfunzi chochote, na haikupita siku mbili amekwisha kuitupa. Basi nasema hivi: mtoto apewe saa ya mchezo inayotembea, tena itembee mbele ya macho yake, bila kifuniko, aone kinachoiendesha. Na nasema zaidi ya hapo: mahali panapofaa kubuniwa saa hiyo kwa bei ya mnyonge si ng'ambo, ni Machakos.

Kwanza tuelewane juu ya jambo lenyewe. Siri ya saa ya mashine, iwe ya mnarani ama ya mfukoni, haimo katika kamani wala katika wingi wa magurudumu. Chukua gurudumu, lizungushie uzi kwenye mhimili wake, ning'iniza jiwe kwenye uzi huo, kisha liachie. Jiwe litaanguka mara moja, na gurudumu litazunguka kama pia. Nguvu ipo, lakini haina adabu. Kinachoitia adabu ni kiungo kimoja kidogo ambacho Waingereza hukiita eskepumenti. Mimi napendekeza tukiite komeo la saa, kwa kuwa kazi yake ni ile ya komeo la mlango: kufunga na kufungua. Hushika jino moja la gurudumu, likaliachia, likashika jingine, na kila liachiapo wewe husikia ule mlio wa saa.

Komeo hili lina kazi mbili. Ya kwanza ni kuigawa nguvu vipande sawa, hatua kwa hatua. Ya pili ni kuisukuma kidogo timazi, lile jiwe linalobembea, kila jino linapoponyoka. Bila ya msukumo huo timazi ingechoka kwa upepo na msuguano, ikasimama. Kwa hiyo timazi humwambia komeo lini afungue, na komeo naye humlipa timazi kwa kazi yake. Sisi tutungao mashairi twalifahamu jambo hili. Maneno ya mtu mwenye hisia humwagika kama jiwe lile, na mizani ndiyo iyagawayo yakawa shairi. Atakayeniuliza mshairi ana nini na magurudumu, jibu langu ni hilo.

Wengi hudhani kwamba kazi hii yataka shaba, chuma cha pua na viwanda vya Uswisi. La hasha. John Harrison wa Uingereza, mtoto wa seremala, alitengeneza saa yake ya kwanza ya timazi mwaka 1713, na magurudumu yake yalikuwa ya mbao. Baadaye alichagua mti mgumu wenye mafuta yake wenyewe kwa sehemu zinazosuguana, ili saa isihitaji kutiwa mafuta. Huyu ndiye aliyekuja kutengeneza saa ya baharini iliyowawezesha manahodha kujua wako wapi katikati ya bahari.

Kule Marekani, karibu mwaka 1753, kijana mweusi aitwaye Benjamin Banneker, ambaye baba yake alikuwa mtumwa aliyeachwa huru, aliazima saa ya mfukoni, akaisoma kipande kwa kipande, kisha akachonga kwa mbao saa kubwa yenye kugonga. Katika nchi hiyo hiyo, mwaka 1806, Eli Terry alikubali kutengeneza mitambo 4,000 ya saa za mbao katika muda wa miaka mitatu, na aliitimiza. Ndipo saa ilipoingia nyumba ya mkulima wa kawaida.

Na aliyeishusha bei ya saa ya mfukoni ni Georges Frédéric Roskopf, mwaka 1867. Wenziwe walitumia vito katika komeo. Yeye aliweka vijiti vya chuma. Alipunguza vipande vya saa hata vikafika 57, akaikusudia saa yake kwa mfanyakazi wa kawaida. Mafundi wakubwa walimcheka, na saa yake ikauzika.

Sasa turudi Machakos. Nani asiyejua mkono wa Mkamba? Zamani kabla ya watalii, wazee walikalia viti vya miguu mitatu vilivyopambwa kwa waya mwembamba uliozamishwa ndani ya mbao, kazi isiyotaka papara. Kisha akaja Mutisya Munge wa Wamunyu, anayetajwa kuwa ndiye aliyeanzisha uchongaji wa vinyago vya kuuza, baada ya kukaa Tanganyika wakati wa Vita Kuu vya Kwanza. Kutoka Wamunyu ufundi huo ukateremka mpaka kwetu Mombasa, ambako chama cha ushirika cha wachongaji Wakamba kiliundwa mwaka 1963 huko Changamwe. Mwenye kuweza kuchonga miguu ya swala, myembamba kama njiti, isikatike, hashindwi kuchonga jino la gurudumu.

Lakini mkono huo umefungwa kwenye mlango mmoja, nao ni mlango wa mtalii. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 zilipowafukuza wageni, twiga na vifaru wa mbao walilala rafuni. Maradhi ya korona yalipozizuia ndege mwaka 2020, wakalala tena. Mchongaji anayemtegemea mnunuzi anayekuja kwa ndege hana usingizi. Ilhali hapa nchini tuna mamilioni ya watoto wa shule, na hao hawahitaji viza ili wawe wanunuzi.

Na saa yenyewe inaweza kuwa nyepesi kuliko inavyodhaniwa. Ngoja nieleze moja, ili nisiambiwe nasema hewani. Chonga gurudumu moja la ukubwa wa kisahani cha chai, lenye meno 30. Duara lina nyuzi 360, kwa hiyo kila jino linachukua nyuzi 12, na hilo mwanafunzi aliye na bikari na kipimapembe atalipata mwenyewe. Lichongwe katika plaiwudi, ama katika vibao viwili vyembamba vya mwarobaini vilivyogundishwa nyuzi zake zikapishana, kwa sababu katika ubao mmoja meno yanayokwenda kinyume cha nyuzi za mti huvunjika. Mhimili uwe njiti ya baiskeli. Mahali pa kusuguana pakwa nta ya mshumaa ama unga mweusi wa ncha ya penseli, usipake mafuta, maana mafuta huivimbisha mbao.

Juu ya gurudumu weka komeo lenye umbo la nanga, lenye ncha mbili zinazokumbatia meno saba na nusu. Nusu hiyo ndiyo roho ya kazi: ncha moja inapoachia jino, nyingine inakuta jino jipya likiijia. Nanga ishikane na timazi yenye urefu wa karibu mita moja kutoka inapobembea mpaka katikati ya jiwe. Timazi ya urefu huo huchukua sekunde moja kwenda na sekunde moja kurudi. Kila jino hupita kwa mwendo huo wa kwenda na kurudi, kwa hiyo meno 30 huzunguka katika sekunde 60. Tia akrabu moja kwenye mhimili, na umepata saa inayohesabu dakika.

Nguvu itoke kwenye chupa ndogo ya mchanga. Uzi ukizungushwa kwenye kigogo chembamba chenye unene wa sentimita moja, chupa itashuka sentimita tatu na kidogo kila dakika. Iking'inizwa mita moja na nusu kutoka chini, itatembea zaidi ya dakika 40. Yaani gurudumu moja, nanga moja, timazi moja na chupa moja vyatosha kuhesabu kipindi kizima cha darasani.

Tena kuna somo ambalo saa ya kununuliwa haitalitoa. Mwaka 1672 mtaalamu Mfaransa Jean Richer alipeleka saa ya timazi kutoka Paris mpaka Cayenne, karibu na Ikweta, akaona inachelewa dakika mbili na nusu kila siku. Ilimbidi aifupishe timazi. Sababu ni kwamba mvutano wa ardhi ni mdogo zaidi huku Ikweta. Machakos iko nyuzi moja na nusu tu kusini ya Ikweta, tena juu ya vilima. Atakayenakili vipimo vya London saa yake itachelewa zaidi ya dakika mbili kwa siku. Mtoto wa Machakos atakayeufupisha uzi wake karibu milimita nne mpaka saa ikae sawa, atakuwa ameipima dunia kwa mkono wake.

Nisidanganye kwamba kila kitu ni chepesi. Saa ya mkononi haiwezi kuwa na timazi, kwa sababu mkono hautulii. Hiyo yataka gurudumu dogo linalocheza huku na huku kwa kamani nyembamba kama unywele, na kamani hiyo hatuwezi kuichonga. Ipo njia ya mkato inayotumika katika michezo mingi ya kujaza ufunguo: komeo lisilo na kamani hiyo, linalopepea tu juu ya meno na kuizuia nguvu isikimbie. Saa ya namna hiyo huenda mbio ikiwa imejazwa na huzubaa ikikaribia kwisha. Kwa mchezo yafaa, bora asiambiwe mtoto kwamba inasema kweli. Kwa hiyo shauri langu ni kuanza na saa ya ukutani, na ya mkononi ije baadaye.

Najua pingamizi kubwa. Watasema ya plastiki ni rahisi mno, na kila mtu ana simu. Simu hukwambia saa ngapi, haikwambii saa ni nini. Wala siombi tuishinde plastiki kwa urahisi. Naomba tuishinde kwa kudumu. Jino likivunjika, mchongaji atatia jingine kwa patasi. Uzi ukikatika, mama atafunga mwingine. Ya plastiki ikiharibika ni taka.

Kuna faida nyingine ambayo sisi wa lugha tusiidharau. Mtoto wetu shuleni huambiwa kwa Kiingereza kwamba ni saba, nyumbani akaambiwa ni saa moja asubuhi, na uso wa saa ukabaki upande wa Kiingereza siku zote. Sisi tuliosoma chuoni tulifundishwa wakati kwa jua na kivuli kabla hatujaijua akrabu, na hesabu ya saa zetu inafuata jua hilo, ambalo kwetu huchomoza karibu wakati ule ule mwaka mzima. Siku saa yetu itakapoongezwa magurudumu na akrabu ya saa, tarakimu tutaziandika wenyewe, na ile moja ya asubuhi itakaa inapostahili.

Basi nini kifanyike? Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 uliahidi kazi za mikono, lakini shule nyingi hazikupata vyombo. Mtaala wa umilisi, ulioanza kufundishwa kote nchini mwaka 2019, umeahidi tena. Serikali ya kaunti ya Machakos, vyuo vyake vya ufundi na vyama vya wachongaji wangeweza kutangaza shindano lenye masharti matatu tu. Saa itengenezwe kwa vyombo ambavyo mchongaji anavyo tayari. Itembee kipindi kizima bila kuguswa. Na mtoto wa miaka kumi aweze kuifungua na kuiunga tena. Atakayeshinda, michoro yake ipewe kila shule na kila kibanda cha kuchongea bila malipo, na shule zenyewe ziwe wanunuzi wa kwanza.

Wala hakuna haja ya kungoja kauli ya wakubwa. Ubao mmoja, njiti mbili za baiskeli, uzi, chupa na jiwe havihitaji bajeti. Mwalimu aliye na msumeno na mchongaji aliye na tezo, waketi pamoja Jumamosi moja pale Wamunyu, wayakate hayo meno 30.