Presha Haingoji Mwisho wa Mwezi

Ukitoka Mountain View asubuhi kwenda tao, simu yako inalipa matatu ya Waiyaki Way, chai na mandazi, hata tokeni za stima. Je, moyo wako nao umeutengea kitu?

Presha mara nyingi haina dalili. Ndiyo maana wengi wetu, tukisikia nafuu au pesa zikikatika, tunaacha dawa. Hapo ndipo hatari inaingia.

SMS ya kukukumbusha dawa ni nzuri, lakini kwa maoni yetu, bila pesa za kununua dawa hiyo ni kelele tu. Tangu 2016, M-Tiba imeonyesha kuwa pesa za matibabu zinaweza kukaa kando kwenye simu bila kuguswa na matumizi mengine. Fuata mfano huo: siku ya mshahara, tenga za dawa kabla ya bando. Weka alamu. Shuka steji moja mapema, utembee. Na chumvi isizidi kijiko cha chai kwa siku.

Ukitumiwa ujumbe wa "dawa ya kumaliza presha kabisa, tuma pesa kwanza", usitume. Muulize daktari wako.