MAMBO YA NYUMBANI: Ukuta Wenye Uso wa Tofali

Mwalimu mmoja wa Nyanda za Juu za Kusini ametuandikia kutaka shauri. Amekusanya fedha kwa miaka kadhaa, naye ataka kujenga nyumba ya vyumba vinne kiangazi hiki. Ndani ataka ukuta wa matofali mabichi, kwa kuwa udongo anao shambani mwake. Nje ataka kuuvika ukuta huo matofali ya kuchoma, nyumba ionekane nyekundu na safi toka barabarani. Mkewe asema matofali ya saruji ni afadhali. Baba yake mzee asema kwamba aliwalea wote katika nyumba ya miti na udongo, wala haikuwaangukia. Mwalimu auliza amsikilize nani.

Kabla ya kumjibu, yafaa tumtaje adui wa ukuta, naye ni maji. Tofali bichi likikaa pakavu hudumu miaka mingi, hubeba na paa bila taabu. Likilowa, hurudi kuwa tope. Maji hupanda toka ardhini kwa njia ya msingi. Tena matone ya mvua huanguka kutoka kwenye bati, yakaruka na kupiga kitako cha ukuta, ndipo ukuta unapoanza kuliwa. Lakini tofali la kuchoma, moto wa tanuru umekwisha kuugeuza udongo wake kama ulivyogeuzwa udongo wa chungu. Halirudi tena kuwa tope. Basi mwalimu hakosi kulipenda tofali hilo upande wa nje.

Shaka yetu ni juu ya kuvika. Wako mafundi waujengao ukuta wa matofali mabichi kwanza, mpaka juu, kisha hurudi kuegemeza safu moja ya matofali ya kuchoma mbele yake. Kwa macho ni ukuta mmoja. Kwa kweli ni kuta mbili zisizoshikana. Ule wa ndani, tope lake likikauka, hunywea na kushuka kidogo chini ya uzito wa paa. Ule wa nje haushuki. Baada ya masika machache uso huanza kutoa tumbo, na ukiugonga kwa kifundo cha kidole wasikia uvungu. Mvua nayo ikipata ufa hupenya katikati, ikalainisha matofali mabichi nyuma ya uso mzuri, na mwenye nyumba hana habari, maana akitazama nje aona wekundu ule ule.

Tena nchi yetu hutikisika. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliupiga mkoa wa Kagera; watu zaidi ya kumi walikufa, na nyumba nyingi za matofali yaliyojengwa kwa tope zilipasuka na kuanguka. Mwezi wa Desemba 2009 ilikuwa zamu ya Karonga, ng'ambo ya mpaka wa Kyela, si mbali na kwao mwalimu. Ardhi ikitikisika, ukuta usiofungwa ndio wa kwanza kuanguka, na safu iliyoegemezwa tu humwangukia aliyesimama barazani.

Kama ni lazima kuvika, basi kuta zote mbili na zipande pamoja siku moja, safu kwa safu. Kila baada ya safu tatu au nne, matofali mengine yalazwe kwa kukata ukuta, vichwa vyake vikionekana nje, mikia yake imeshikwa ndani. Fundi akisema kwamba hilo halina haja, na atafutwe fundi mwingine.

Lakini shauri letu hasa ni jingine. Mwalimu na ahesabu. Tofali la urefu wa sentimita 21 na nusu, upana 10 na kimo 6 na nusu, huingia kama 60 katika mita moja ya mraba, ukuta ukiwa wa unene wa tofali moja kwa upana wake. Ukuta ukiwa mnene kama urefu wa tofali, ni 120. Kwa kuta za nje za mita za mraba 80, kuvika kwataka matofali 4,800. Ukuta mzima wa kuchoma wataka 9,600. (Matofali ya vijijini mengi ni makubwa kuliko hayo, apime la kwao kwanza.) Fedha za vyumba vinne vya kuvika hazitoshi vyumba vinne vya kuchoma. Sisi twaona ajenge vyumba vitatu, kuta za nje zote za kuchoma, na chumba cha nne kingoje. Matofali mabichi ayatie katika kuta za kugawa vyumba, ambako mvua haifiki.

Mama wa nyumba naye ana haki. Tofali la saruji la inchi 18 kwa 9 huingia 10 tu katika mita ya mraba, ukuta ukapanda upesi. Walakini wauzaji wengine huupunja mfuko wa saruji, wala hawayamwagilii maji matofali yao, hata yakavunjika mkononi kama mkate mkavu. Akiyataka, afyatuliwe pale pale kiwanjani, machoni pake. Yako pia matofali ya kufungamana, ya udongo uliochanganywa na saruji kidogo na kushindiliwa kwa mashine ya mkono. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi huyafundisha. Hayo hayahitaji kuni, jambo kubwa kwa vijiji ambavyo matanuru yamekwisha kumaliza miti. Penye mpunga, pumba zake huchoma tofali vile vile.

Kwa mzee twasema kwa heshima: nyumba yake ilisimama kwa sababu paa lake la majani lilitokeza mbali nje ya ukuta, naye aliikandika kila mwaka. Mwanawe na aige paa hilo. Bati litokeze sentimita 60 au zaidi, na msingi wa mawe upande juu ya ardhi futi moja na nusu. Asipige lipu ya saruji juu ya udongo mtupu. Hupasuka na kubanduka vipande vizima.

Tanuru halitoi matofali sawa yote. Ya pembeni hayaivi vema, ya karibu na moto huiva mno yakapinda. Kabla ya kulipa, achague matatu kutoka pembe mbalimbali, agonge mawili pamoja asikie kama yalia kwa sauti kali, avunje moja atazame moyo wake, na mawili ayatie majini usiku kucha. Lililolainika asubuhi lirudi kwa mwenye tanuru. Kazi ya msingi ianze mwezi wa Juni, ili bati liwe juu kabla ya mvua za Novemba.