Sinema: Tukataze au Tufundishe?

Siku hizi mtu wa Kisangani hangoji Jumamosi jioni ili atazame sinema. Picha zi katika vibanda vya video, zi nyumbani, zi katika simu ya mtoto. Wazazi wanalalamika, na haki wanayo. Lakini twasikia wengine wakisema: «Zamani ilikuwa afadhali. Serikali ilijua kukataza. Nasi tukataze, basi.» Neno hilo twalipinga.

Tuitazame zamani hiyo inayosifiwa. Mwaka 1936 serikali ya Kongo ya Ubelgiji ilitoa amri: asiye Mzungu wala Mwasia asiingizwe katika sinema, ila kwa picha zilizokubaliwa na tume yake. Mzungu alitazama apendacho. Mwafrika, hata akiwa fundi, mwalimu, au baba wa watoto wanane, alihesabiwa mtoto. Je, huko ndiko kulinda roho? Kama picha ni chafu, yamchafua mweupe sawasawa na mweusi. Amri ile haikuogopa dhambi. Iliogopa mweusi asimwone mweupe katika aibu yake.

Mwaka ule ule, tarehe 29 Juni, Baba Mtakatifu Pio XI alitoa barua yake Vigilanti Cura juu ya sinema. Yeye alipima picha, hakupima ngozi. Alitaka Wakristo waelezwe ipi yafaa wote, ipi ina masharti, ipi ni mbaya, kisha wenyewe waahidi kuikataa iliyo mbaya. Tofauti ni kubwa: serikali ilifunga mlango, Papa aliamsha dhamiri.

Mji wetu nao una habari zake. Mwaka 1951 John Huston alipiga picha ya The African Queen katika mto Ruiki, pamoja na Katharine Hepburn na Humphrey Bogart. Mwaka 1958 Fred Zinnemann alimleta Audrey Hepburn hapa, mji ukiitwa bado Stanleyville, kwa ajili ya The Nun's Story, habari ya mtawa mwuguzi ambaye mwishoni aacha utawa. Picha hiyo haimtukani Mungu. Lakini yauliza maswali mazito juu ya utii na dhamiri. Kijana akiitazama peke yake atatoka na nusu ya fikira. Akiitazama na mzazi au katekista, wakazungumza, atatoka na hekima.

Tena wako wanaosema: «Picha ni picha tu, haidhuru mtu.» Nao wamekosea. Huko Léopoldville, katika miaka ya 1950, vijana waliiga cowboy wa sinema, wakajiita Bill kwa jina la Buffalo Bill, wakafanya makundi na kupigana mitaani. Je, walitengenezwa kwa kufukuzwa? Padre Joseph de Laet, mmisionari wa Scheut, aliwaendea, akakaa nao, hata wakamwita Père Buffalo. Mchungaji huwafuata kondoo hata porini. Hakai zizini akiwalaani.

Basi tufanye nini? Baba na mama, jueni mtoto anatazama nini, na mara kwa mara mkae naye mtazame pamoja. Kilicho kibaya kikataeni, lakini mtaje na sababu, maana mtoto aliyekatazwa bila sababu hungoja tu mgeuze kisogo. Na kwanza mjitazame wenyewe: baba anayemfukuza mtoto kibandani, kisha yeye mwenyewe abaki humo hata usiku wa manane, anairudisha ile amri ya 1936 nyumbani mwake. Nanyi viongozi wa parokia, chagueni picha njema, waiteni vijana, na baada ya picha waacheni waseme.

Mlango waweza kuvunjwa. Dhamiri iliyofundishwa vema humfuata mtoto hata pale ambapo hakuna mlango.