Afya ya Familia: Mwasho Usioambukiza



Wasomaji wetu watukufu, mama mmoja katika jirani zetu alitusimulia namna mwanawe wa miaka 6 alivyorudishwa nyumbani kutoka chuoni. Mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti yake ilikuwa imechubuka kwa kujikuna, na wazazi wengine wakahofu kuwa watoto wao wataambukizwa. Mtoto yule hakulia kwa mwasho. Alilia kwa kuwa hakuna aliyekubali kukaa naye mkeka mmoja.

Maradhi yale hayakuwa upele. Yalikuwa pumu ya ngozi, ambayo wengine huiita ukurutu, nayo ni katika maradhi ya mzio yaliyoenea mno kwa watoto. Inakadiriwa kuwa duniani hadi mtoto 1 katika kila 5 hupatwa nayo. Mara nyingi huanza kabla ya miaka 5, na wengi hupata nafuu wakuapo. Utafiti wa kimataifa ulioanza mwaka 1991, ambao Nairobi na Eldoret zilikuwa miongoni mwa vituo vyake, ulibainisha kuwa Afrika nayo haikusalimika. Basi chuo chenye watoto 40 kikiwa na kadhaa wenye maradhi haya, si ajabu.

Pumu ya ngozi haiambukizi kwa kushikana mikono, kulala kitanda kimoja wala kula sinia moja. Asili yake ni ngozi isiyohifadhi unyevu na kinga ya mwili iliyo nyepesi kuchokozeka, na aghalabu huonekana katika jamaa zenye pumu ya kifua. Upele, kwa upande wake, huambukiza. Ndiyo maana yafaa daktari ndiye apambanue.

Tunachokihofia zaidi ni haraka yetu ya kutafuta dawa. Zipo krimu za kujichubua zenye steroidi kali, zinazouzwa bila ya cheti cha daktari. Mtoto akipakwa, mwasho hutulia siku mbili tatu, mama akafurahi. Zikiendelezwa, ngozi huwa nyembamba na maradhi huweza kurudi kwa nguvu. Dawa nyepesi aliyoiandika daktari, kwa kipimo na muda wake, haifanani na hizo.

Nyumbani, mtoto aogeshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo na manukato, kisha apakwe mafuta mazito yasiyo na harufu kabla ngozi haijakauka. Avishwe nguo za pamba, na kucha zake zikatwe. Moshi wa udi na marashi viwekwe mbali naye. Na Idi ikifika, asipakwe piko: rangi ile huweza kubabua hata ngozi iliyo nzima, na mzio wake huenda ukadumu maisha.

Mama yule alimpeleka mwanawe kwa daktari, akarejea chuoni na cheti. Mwalimu alikisoma, kisha akamkalisha mtoto mkeka wa mbele, ubavuni mwake. Walimu na wazazi wenzetu, watoto ni amana. Kabla ya kuwatenga, na tuulize.

Wabillahi tawfiq.